Dawa za vidonge za homa ya ini C zinaziathiri vipi seli za mwili?

#1 BintiMkomani (Lamu)

Assalamu alaykum wanajukwaa. Ndugu yangu mdogo anaishi Malindi kwa mjomba wetu, na kila asubuhi huenda kituoni kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aliyeacha unga wa heroini. Alipopimwa alipatikana na virusi vya homa ya ini aina ya C, akaanzishiwa kidonge kimoja kwa siku chenye sofosbuviri na velpatasviri, kwa muda wa wiki 12. Sasa yuko katikati ya matibabu na analalamika uchovu mzito, kichwa kuuma na usingizi kumpaa. Jirani mmoja amemwambia kwamba dawa hizi huua virusi kwa kuziua kwanza seli za mwili, na kwamba dawa ya jamii hii iliwahi kuusimamisha moyo wa mgonjwa. Tangu asikie hayo anakiogopa kidonge, na mjomba ananiambia kwamba juzi alikirudisha mkebeni mpaka akabembelezwa.

Naomba kujua: ni kweli dawa hizi zinaingia ndani ya seli na kuharibu kitu? Kama ni kweli, ni seli zipi, na uharibifu huo hurekebika? Sitafuti kufarijiwa. Nataka nijue la kumwambia.

#2 NahodhaMstaafu (Lamu)

Waalaykum salaam, mwanangu. Mimi si tabibu, lakini nimeyaona kwa macho yangu. Ami yangu alitibiwa ugonjwa huo huo Maskati zamani, akidungwa sindano kila wiki na kumeza vidonge asubuhi na jioni. Aliporudi Amu, yaani hapa Lamu, alikuwa amekonda, hawezi kupanda ngazi za nyumba yake bila kupumzika njiani, macho yamepiga manjano kuliko kabla hajaanza dawa, na mtu tuliyemjua kwa ucheshi akawa analia pasipo sababu. Virusi vilitoka, Alhamdulillahi. Lakini dawa inayomfanya mtu hivyo mimi naihesabu kuwa sumu, na huyo jirani hakukosea kabisa.

#3 FundiMaabara (Malindi)

Shikamoo Nahodha. Uliyoyaona ni kweli tupu, ila dawa alizopewa ami yako sizo anazotumia kijana huyu. Ile sindano ya kila wiki ilikuwa intaferoni na vile vidonge vilikuwa ribavirini, na mpaka mwaka 2011 hayo ndiyo yaliyokuwa matibabu ya kawaida duniani. Intaferoni haivishambulii virusi yenyewe. Huziamrisha seli za mwili zijihami, na katika kufanya hivyo huubana uboho wa mifupa usitoe seli nyeupe na chembe za kugandisha damu kwa kiasi cha kutosha, huvuruga tezi ya shingoni kwa baadhi ya watu, na huleta huzuni kubwa ambayo wengine iliwafikisha kwenye mawazo ya kujidhuru. Machozi ya ami yako yalikuwa madhara ya dawa.

Macho ya manjano ni habari ya ribavirini, na hapa ndipo swali la BintiMkomani linapopata jibu lake la wazi kuliko popote. Ribavirini ikiingia ndani ya seli hubandikwa fosfati, na ikishabandikwa haiwezi kutoka mpaka fosfati hizo zibanduliwe. Seli nyingi zina vimeng'enya vya kuzibandua. Seli nyekundu ya damu haina. Basi dawa huingia isitoke, ikajilimbikiza ndani yake kwa kiwango kinachozidi mara nyingi kile cha majimaji ya damu, huku ikila akiba ya ATP, yaani kemikali ya nguvu, ambayo seli hiyo inaitegemea kuulinda utando wake. Seli ambayo ingeishi kama siku 120 huzeeka kabla ya wakati, nayo bandama na ini huiondoa. Hemoglobini ikivunjwa hutoa bilirubini, na bilirubini ndiyo rangi ile mliyoiona machoni. Ini lake huenda lilikuwa linapata nafuu wakati huo huo macho yakizidi kuwa manjano.

Nilipokuwa maabara Mombasa, damu ya mgonjwa wa ribavirini niliitambua kabla sijasoma fomu: mrija ukitoka kwenye mashine ya kuzungushia, majimaji ya juu yalikuwa ya manjano iliyokolea, na tabaka jekundu la chini lilikuwa fupi kuliko la mirija ya jirani. Hali hiyo huanza ndani ya wiki nne za mwanzo, na dawa ikikoma damu hurudi kama ilivyokuwa.

#4 MwalimuWaSayansi (Malindi)

Ahsante, FundiMaabara. Naomba niendelee na kidonge cha kijana, maana chenyewe kina dawa mbili zinazofanya kazi tofauti, na hofu iliyoenezwa inahusu moja tu kati yake.

Virusi vya homa ya ini C vina uzi mmoja wa RNA, yaani maagizo yao ya kuzaliana, wenye vipande vidogo tunavyoviita herufi vipatavyo 9,600. Ili vizaliane, kimeng'enya chao kiitwacho polimerasi huunga herufi moja baada ya nyingine. Sofosbuviri ni herufi bandia. Fundi wa Amu anayejenga kwa mawe ya matumbawe akipewa jiwe lenye umbo sawa na mengine lakini lisiloshika chokaa upande wa juu, safu inayofuata haipandi. Ndivyo polimerasi ya virusi inavyokwama ikishaipokea herufi hiyo. Velpatasviri haiigizi herufi yoyote. Yenyewe hushika protini nyingine ya virusi, inayoitwa NS5A, ambayo mwilini mwetu haina mfano wake.

Wasiwasi unatokana na kwamba sisi pia tunazo polimerasi. Zile za ndani ya kiini cha seli huchagua herufi zao kwa uangalifu mkubwa. Lakini mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nguvu, zina DNA yao wenyewe yenye herufi 16,569, na zina polimerasi zao ambazo hudanganyika kwa urahisi zaidi. Herufi bandia ikipokelewa humo, protini za kuzalisha nguvu hazitengenezwi tena ipasavyo, na zinazoumia kwanza ni seli zenye kazi nyingi: za moyo, za mishipa ya fahamu, za misuli, na za ini lenyewe. Kwa hiyo swali la jirani si la kipuuzi. Kosa lake ni kuzichanganya dawa zote pamoja.

#5 KijanaWaMaweni (Malindi)

Mwalimu, sema basi yote. Mwaka 1993 watu watano walikufa Marekani katika majaribio ya dawa ya homa ya ini C, na mwaka 2012 sofosbuviri ikamuua mwingine kwa moyo. Haya yameandikwa, wala si uvumi wa barazani.

#6 Mfamasia_Mpeketoni (Lamu)

Kijana, vifo hivyo vilitokea, lakini umevitundika kwenye dawa zisizohusika, na katika jambo hili jina la dawa ndilo kila kitu.

Majaribio ya 1993 yalikuwa ya fialuridini, nayo ilikuwa inajaribiwa kwa homa ya ini B. Wagonjwa walikuwa 15. Watano walifariki na wawili wakaokolewa kwa kupandikizwa ini jingine. Sababu ilikuja kueleweka baadaye: herufi hiyo bandia ilipachikwa ndani ya DNA ya mitokondria na kubaki humo, kiasi kwamba wagonjwa waliendelea kuzidiwa hata baada ya dawa kusimamishwa. Wanyama waliojaribiwa kabla hawakuonyesha dalili ya kutisha, na ndiyo maana tukio lile liliwashtua sana wataalamu wa dawa.

Kifo cha 2012 kilitokana na dawa iliyokuwa bado inaitwa kwa namba, BMS-986094, iliyokuwa ikijaribiwa kwa homa ya ini C. Moyo wa mgonjwa mmoja ulishindwa kazi, wengine wakalazwa, na mwezi wa Agosti majaribio yakasitishwa. Dawa ile haikuuzwa popote. Sofosbuviri ni ya jamii pana hiyo hiyo ya herufi bandia, lakini polimerasi ya RNA iliyomo ndani ya mitokondria huipokea kwa shida sana. Hilo lilipimwa maabara. Iliidhinishwa Marekani mnamo Desemba 2013, na tangu hapo imemezwa na mamilioni ya watu. Kuna jambo jingine la kuzingatia: hufika mwilini ikiwa imefungwa, na vimeng'enya vinavyoifungua na kuitia makali vimejaa zaidi kwenye seli za ini. Sehemu kubwa inayozunguka kwenye damu ni mabaki yasiyo na nguvu, ambayo hutoka kwa njia ya figo.

#7 MwalimuWaSayansi (Malindi)

Namuunga mkono Mfamasia kwa mengi, lakini BMS-986094 isihesabiwe kama imeshaelezwa. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba iliziba polimerasi ya mitokondria. Watafiti waliochunguza baadaye, wakiwa na seli za moyo mikononi, hawakukubali kwamba mitokondria ndizo zilizoguswa kwanza. Waliona shughuli za seli zikizimika kwa njia pana zaidi, na mitokondria zikifuata. Wapo bado wanaoshikilia maelezo ya mwanzo. Ninapowafundisha wanafunzi mada hii huwaambia waandike maelezo yote mawili.

#8 KijanaWaMaweni (Malindi)

Vizuri, basi nijibuni hili. Mwezi wa Machi 2015 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu sofosbuviri hiyo hiyo na mapigo ya moyo. Kama moyo hauguswi, onyo lilikuwa la nini?

#9 Mfamasia_Mpeketoni (Lamu)

Swali zuri. Onyo lile lilihusu watu wanaotumia sofosbuviri pamoja na amiodaroni, ambayo ni dawa ya kurekebisha mapigo ya moyo. Mapigo yalishuka kupita kiasi. Mgonjwa mmoja alifariki kwa moyo kusimama, na watatu walilazimika kuwekewa kifaa cha kuongoza mapigo. Kwa nini mchanganyiko huo unafanya hivyo? Wapo wanaosema dawa mpya huizuia ile ya zamani isitolewe nje ya seli. Wapo wanaosema zote mbili huibana kwa pamoja milango ya kalsiamu kwenye seli zinazoanzisha mapigo. Na wapo wanaosema amiodaroni hubanduliwa kutoka kwenye protini za damu ikawa huru zaidi. Mimi nimeyasoma yote na siwezi kuapa kwa lolote kati yake. Ninachoweza kusema ni kwamba mgonjwa asiyetumia amiodaroni hahusiki na onyo hilo. BintiMkomani, ndugu yako ana ugonjwa wa moyo?

#10 BintiMkomani (Lamu)

Nawashukuru wote. Hana ugonjwa wa moyo na hatumii dawa ya moyo. Dawa yake nyingine ni methadoni tu.

#11 Mwelimisharika (Malindi)

Dada, mimi hufanya kazi na vijana wanaotumia methadoni hapa Malindi, na nimekuwa nikiusoma uzi huu nikiwawaza wao. Kwanza, methadoni na kidonge hiki havigombani; kipimo hakihitaji kubadilishwa. Pili, ninajua hofu ya ndugu yako inatoka wapi. Wazee wetu wanaozikumbuka ARV za mwanzo wanaikumbuka stavudini: watu waliwaka moto nyayoni usiku kucha, mashavu yakabonyea, na wengine damu ikajaa asidi wakafa. Hizo nazo zilikuwa herufi bandia, na kilichoumia kilikuwa hizo hizo mitokondria za Mwalimu, kwa sababu polimerasi inayonakili DNA yake ilidanganyika. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 stavudini iachwe polepole. Kwa hiyo mtu wa pwani akisikia dawa ya virusi inachoma seli, hajazua. Amemwona shangazi yake.

Lakini nawaomba mkiandika hapa mkumbuke anayesoma. Mtu aliyeacha unga, akavumilia foleni ya kila asubuhi, akapata bahati ya kuanzishiwa dawa yenye sofosbuviri, ambayo peke yake ilipotoka mara ya kwanza Marekani iliuzwa dola 84,000 kwa matibabu ya wiki 12, anaweza kuiacha kwa sababu ya sentensi moja. Akiacha katikati, virusi vinaweza kurudi NS5A yao ikiwa imebadilika isishikike tena na velpatasviri, na dawa ya pili ni ngumu zaidi kupatikana kuliko ya kwanza.

#12 NyotaYaShela (Lamu)

Mimi nilitibiwa kwa vidonge hivyo hivyo na nimepona. Kichwa kiliniuma mwanzoni, kisha kikaacha. Uchovu nilikuwa nao kabla ya kuanza, wa miaka, uchovu wa kuamka asubuhi ukiwa kama hukulala, na nilidhani ni kazi za nyumbani na kulea. Kabla sijamaliza vidonge ulikuwa umeanza kunitoka. Kwa hivyo ninavyoamini mimi, virusi ndivyo vilivyokuwa vikinichosha na dawa haina lawama.

#13 MwalimuWaSayansi (Malindi)

NyotaYaShela amegusa jambo ambalo lingepaswa kuja mapema. Virusi vyenyewe huzidhuru mitokondria. Protini inayounda ganda la ndani la virusi hivi hujibandika kwenye utando wa nje wa mitokondria, kalsiamu ikaingia kupita kiasi, na humo ndani zikazaliwa kemikali kali za oksijeni zinazounguza mafuta na protini za seli. Kwa hiyo tunapouliza kama dawa inagusa mitokondria, lazima tuuonyeshe upande wa pili wa mizani: ugonjwa unazigusa kila siku, kwa miaka 20 au 30, mpaka ini linajaa makovu.

#14 FundiMaabara (Malindi)

Natofautiana na nyote kidogo. Mnatafuta uchovu ndani ya seli kabla hamjauliza kama dawa inauleta kweli. Katika majaribio makubwa ya kidonge hiki yaliyochapishwa mwaka 2015, wagonjwa 624 walipewa dawa yenyewe na 116 wakapewa kidonge kisicho na dawa, bila wao kujua. Kichwa kiliwauma asilimia 29 ya waliopata dawa na asilimia 28 ya wasioipata. Uchovu ulikuwa asilimia 20 kwa 20. Na waliopona kati ya waliopata dawa walikuwa asilimia 99. Kama mitokondria zingekuwa zinaungua, pengo kati ya makundi hayo mawili lingeonekana. Uchovu wa kijana huyu huenda ni ule wa ugonjwa, huenda ni wa hofu aliyopandikizwa, na huenda ni wa kitu kingine kabisa ambacho hatujauliza.

#15 NahodhaMstaafu (Lamu)

Marahaba, Fundi. Hesabu yako nimeielewa, lakini majaribio hukusanya watu waliochaguliwa, waliokula vizuri na kulala vizuri. Kijana wetu ametoka kwenye unga. Mwili uliochoka haupimwi kwa mizani ya mwili mzima, na mimi bado naona dawa ina sehemu yake. Na hicho kitu kingine mnachokizungukazunguka nitakiuliza mimi mzee wenu waziwazi: kijana anatafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa?

#16 Mwelimisharika (Malindi)

Nahodha umenitoa neno mdomoni, na mimi nilikuwa natafuta namna ya kuliuliza kwa adabu.

#17 BintiMkomani (Lamu)

Nimempigia simu. Amecheka kwanza, kisha akakubali. Anatafuna alasiri hadi usiku, anasema ndiyo inayomsaidia asirudie unga. Amenieleza pia kwamba tumbo linamuwaka, kwa hiyo hununua vidonge vya kiungulia vile vyeupe vya kutafuna dukani, na huvitafuna wakati wowote, mara nyingine pamoja na dawa yake. Je, hilo lina ubaya?

#18 Mfamasia_Mpeketoni (Lamu)

Lina ubaya, na nashukuru umeuliza. Velpatasviri huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Vidonge vya kiungulia vikiipunguza asidi, dawa hupita tumboni bila kuingia mwilini yote, na kiwango kinachofika kwenye seli za ini kinashuka. Tunahangaika hapa kama dawa inaingia mno kwenye seli, kumbe huenda haiingii ya kutosha. Atenganishe saa nne kati ya kidonge chake na vile vya kiungulia. Omeprazoli, dawa nyingine ya kupunguza asidi, ni tatizo kubwa zaidi, asijinunulie bila kumuuliza daktari wake. Kadhalika, wakati wowote akigunduliwa na kifua kikuu, atangaze kwamba anatumia sofosbuviri, kwa kuwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha vibaya.

Muguka unaeleza kukosa usingizi bila haja ya mitokondria. Tena kuna taarifa za kitabibu kutoka nchi mbalimbali za ini lililoumizwa na majani ya jamii ya miraa, kwa hiyo ini lake lingeshukuru likipumzishwa.

#19 KijanaWaMaweni (Malindi)

Muguka tena! Tangu kaunti za pwani zitangaze marufuku mwaka 2024 kila ugonjwa ni muguka. Wapo mabaharia wanaotafuna tangu ujana na wanabeba magunia hadi leo.

#20 Msimamizi

Mjadala wa marufuku ya muguka una uzi wake. Hapa tubaki kwenye dawa.

#21 MuuguziPwani (Mombasa)

Salaam. Nimesoma kurasa zote na naona jambo moja muhimu halijatajwa. Kabla ya kuanza dawa hizi mgonjwa anapaswa kupimwa homa ya ini B. Oktoba 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru onyo kali liwekwe kwenye dawa zote za namna hii, baada ya kukusanya visa 24 vya watu ambao homa yao ya ini B, iliyokuwa imetulia, iliamka wakati wa kutibiwa C. Wawili walifariki na mmoja alipandikizwa ini. Hapa seli haziumizwi na dawa. Maelezo yanayotolewa ni kwamba virusi vya C vikiwepo huziweka seli za ini katika hali ya tahadhari inayovikandamiza vya B pia. C vikifutwa kwa haraka, tahadhari hiyo inashuka na B vinapata nafasi. Wengine wanaona C na B hugombana moja kwa moja ndani ya seli. Kwa vyovyote, dalili zake ni uchovu, kichefuchefu na macho ya manjano, na katika nchi yetu ambako homa ya ini B si ngeni siwezi kusikia neno uchovu nikanyamaza.

Ndugu yako alipimwa B? Na kama ini lake lina makovu makubwa, hata akipona ataendelea kupigwa picha ya ini kila miezi sita, kwa kuwa hatari ya saratani hupungua lakini haitoweki.

#22 NyotaYaShela (Lamu)

Kuna chanjo ya hizi, au sivyo? Watoto wangu walichanjwa.

#23 MuuguziPwani (Mombasa)

Watoto wako walichanjwa B, dada. Ya C haina chanjo mpaka leo.

#24 BintiMkomani (Lamu)

Mjomba atampeleka kesho akapimwe B na hemoglobini, na enzaimu za ini pia. Nina jambo jingine ambalo naona haya kidogo kuliuliza. Posa imepelekwa na harusi inazungumzwa. Mtu fulani amesema wanaotumia dawa hizi wasizae kwa muda.

#25 FundiMaabara (Malindi)

Usione haya. Hilo ni onyo la ribavirini, ambayo humdhuru mtoto tumboni na hukaa sana mwilini, ndiyo maana mume au mke aliyeitumia hushauriwa asubiri miezi kadhaa baada ya kumaliza. Siku hizi huongezwa tu kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wale ambao ini lao limeshaanza kushindwa kazi. Itazameni lebo ya mkebe. Kama ni sofosbuviri na velpatasviri peke yake, onyo hilo halimhusu, ila mwambieni daktari wake kuhusu ndoa. Bibi harusi naye apimwe B na achanjwe kama hajawahi.

#26 NahodhaMstaafu (Lamu)

Harusi ikiwa Amu, goma nitalicheza mimi mwenyewe, na bakora yangu ipo tayari. Kijana amalize vidonge kwanza.

#27 BintiMkomani (Lamu)

Majibu yametoka na ninayaandika kama nilivyosomewa. Hemoglobini ni ya kawaida. Enzaimu ya ini, ALT, ilikuwa juu kabla ya dawa na sasa imeshuka hadi kiwango cha kawaida. Kipimo cha homa ya ini B cha protini ya juu ya virusi hakikuonyesha kitu, lakini kipimo cha kingamwili za kiini cha virusi vya B kimeonyesha anazo. Ameacha vidonge vya kiungulia na muguka ameupunguza. Usingizi umerudi kiasi. Uchovu bado upo.

#28 MuuguziPwani (Mombasa)

Maana yake ni kwamba aliwahi kuambukizwa B siku za nyuma na mwili ukaitiisha. Kuamka kwake kwa mtu wa hali hiyo ni nadra, kwa hiyo aendelee na dawa, na ALT ipimwe tena kabla hajamaliza. Ikipanda ghafla baada ya kushuka hivi, atafutwe virusi vya B mara moja.

#29 MwalimuWaSayansi (Malindi)

Hemoglobini nzuri inaondoa habari ya seli nyekundu, na ALT iliyoshuka inaonyesha seli za ini hazivunjiki tena. Uchovu unaobaki una maelezo mengine ambayo yamechunguzwa: baadhi ya alama ambazo ugonjwa umeziacha kwenye jeni za seli za ini hazifutiki kwa kuondoka virusi, na zile seli za kinga zilizopigana miaka mingi hurudi nguvu kwa sehemu tu. Sisemi ndiyo sababu ya kijana huyu.

#30 FundiMaabara (Malindi)

Mimi bado nasema ni asilimia 20 kwa 20, Mwalimu.

#31 NahodhaMstaafu (Lamu)

Nami bado nasema mwili uliotoka kwenye unga una hesabu yake.

#32 Mwelimisharika (Malindi)

BintiMkomani, jambo la mwisho kutoka kwangu. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho arudi apimwe kama amepona. Aombe kipimo cha virusi vyenyewe, yaani RNA, asikubali kile cha kuchoma kidole cha kingamwili peke yake, kwa sababu kingamwili za C zitaendelea kuonekana maisha yake yote hata akiwa amepona. Nimeshakutana na vijana waliopona wakarudi kwenye unga siku walipoonyeshwa ile mistari miwili ya kipimo cha kingamwili. Mpe mjomba namba ya kituo chetu kupitia ujumbe wa faragha, nitamsindikiza mwenyewe siku hiyo.

#33 BintiMkomani (Lamu)

Nimekutumia ujumbe. Amemeza cha leo saa mbili usiku, baada ya chakula.